Kulinganisha klabu za watoto kwenye meli za kitalii: mwongozo kamili kwa wazazi wa Malindi

Likizo za Agosti na Disemba zikikaribia, familia za hapa Malindi huanza kuulizia safari za meli za kitalii. Wengi hupanda Italia, katika bandari za Genova, Savona au Civitavecchia, kwa sababu babu na bibi wa watoto wako huko. Wengine huenda Durban, na wengine Dubai. Kosa linalorudiwa ni lile lile: meli inachaguliwa kwa picha za mabwawa na mitelezo ya maji, tiketi inalipiwa, halafu mtoto anafikishwa mlangoni mwa klabu na kurudishwa. Umri wake haujafika, au bado anavaa nepi, au saa ambazo mzazi alizitegemea ni za kulipia.

Habari hizo zote hupatikana kabla ya kulipa. Kinachowaponza wazazi ni mpangilio. Wanaanza na meli na kumalizia na mtoto. Hapa tutaanza na mtoto.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Pasipoti ya mtoto, kwa ajili ya tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo.
- Kijitabu chake cha kliniki chenye rekodi za chanjo.
- Majina ya meli mbili au tatu. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwa sababu meli za kampuni moja hutofautiana: moja ina chumba cha watoto wachanga, nyingine haina.
- Tarehe ya kupanda na ratiba ya bandari, siku kwa siku.
- Daftari, ukurasa mmoja kwa kila meli.
- Anwani ya barua pepe ya wakala wako wa safari. Simu ni nzuri kwa salamu, lakini majibu unayoyataka hapa ni ya maandishi.

## Hatua ya 1: Muandike mtoto kabla ya kuiandika meli

Kwa kila mtoto andika umri wake siku ya kupanda, kama amezoea choo kabisa, lugha anazozielewa, chakula asichokula, ugonjwa au mzio alio nao, na kama amewahi kuachwa na watu asiowajua. Usiandike unavyotarajia awe ifikapo safari. Andika alivyo leo.

Kisha andika sentensi moja kuhusu nyinyi wazazi: mnataka klabu ya nini? Kuna wanaotaka saa mbili za chakula cha jioni, kuna wanaotaka kushuka bandarini bila mtoto, na kuna ambao mtoto mwenyewe anatamani wenzake wa kucheza nao. Haya ni mahitaji matatu tofauti, na meli inayotosheleza moja inaweza kushindwa kabisa na jingine.

Umefaulu hapa ukiweza kusema kwa pumzi moja: "Nina mtoto wa miaka 3 na miezi 2, haendi na nepi mchana, anaelewa Kiswahili na Kiitaliano kidogo, hali nguruwe, na ninataka saa mbili kila jioni."

## Hatua ya 2: Pima umri wa siku ya kupanda

Mtoto wa miaka 2 na miezi 11 ni wa miaka 2. Mhudumu wa mlangoni hana uwezo wa kumwongezea mwezi mmoja, hata akikuonea huruma, maana tarehe ya kuzaliwa imeshaingia kwenye mfumo wa meli kutoka kwenye pasipoti.

Meli nyingi hazimpakii kabisa mtoto aliye chini ya miezi 6. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, zenye siku nyingi mfululizo bila bandari, umri huo hupanda hadi miezi 12. Baada ya hapo kila kampuni ina ngazi zake:

MSC ina klabu ya watoto wachanga walio chini ya miaka 3, kisha Mini Club ya miaka 3 hadi 6, Junior Club ya 7 hadi 11, halafu vijana wa 12 hadi 14 na 15 hadi 17. Costa, ambayo makao yake ni Genova, inaanza na miaka 3 katika Squok Club. Royal Caribbean pia inaanza na 3, na chini ya hapo ina chumba cha watoto wa miezi 6 hadi 36 katika meli zake nyingi, kwa malipo ya saa. Disney inafanya vivyo hivyo: chumba cha wachanga kuanzia miezi 6 ni cha kulipia na nafasi huwekwa mapema, klabu ya bure inaanza na 3. Carnival ndiyo inayompokea mtoto wa miaka 2 katika klabu ya kawaida.

Ngazi hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zitumie kuchuja tu. Jibu la mwisho litoke kwa wakala, kwa jina la meli na tarehe yako.

Tahadhari. Chini ya miaka 3 kuna huduma mbili ambazo matangazo huziweka pamoja. Ya kwanza ni chumba cha kuchezea ambamo mzazi hukaa na mtoto muda wote. Ya pili ni ulezi, ambapo unamkabidhi mtoto na kuondoka. Picha zake hufanana: mito ya rangi, vikaragosi, mtoto anacheka. Uliza swali moja tu: "Je, naweza kumwacha na kuondoka, na kwa saa zipi?"

Na kama mnategemea yaya wa kuja chumbani usiku, jueni kwamba kampuni kubwa nyingi zimeiacha huduma hiyo. Msikate tiketi kwa matumaini yake.

## Hatua ya 3: Choo

Hapa ndipo familia nyingi za pwani hukwama, na ni jambo ambalo watu huona haya kulizungumza. Tulizungumze.

Royal Caribbean na Disney zinataka mtoto wa klabu ya miaka 3 awe hana nepi kabisa, hata zile za kuvuta kama chupi. Akijikojolea mara kwa mara anarudishwa kwenu. Kampuni ya Norwegian humpokea mtoto wa miaka 3 mwenye nepi, lakini wahudumu hawambadilishi. Mzazi huitwa, na lazima aje. Carnival, kwa wale wadogo, wahudumu hubadilisha nepi wenyewe. Tofauti hii peke yake inaweza kuamua meli.

Sasa la nyumbani kwetu. Watoto wetu wamezoea kuchamba kwa maji, na wengi wa miaka mitatu au minne bado huchambishwa na mama au dada. Chooni melini hakuna kopo wala bomba la maji, kuna karatasi tu. Na katika klabu nyingi mhudumu haingii chooni kumsafisha mtoto, kwa sababu za ulinzi wa mtoto mwenyewe. Choo chenyewe kinavuta kwa hewa: ukibonyeza, kinanguruma ghafla kwa sauti kubwa ambayo huwatisha hata watu wazima. Mtoto akiogopa mara ya kwanza, hujizuia siku nzima, na jioni unaletewa mtoto aliyelowa anayelia.

Kwa hiyo fanyeni mazoezi mwezi mmoja kabla. Mfundishe kujifuta kwa karatasi peke yake, kuvuta suruali juu, na kunawa kwa sabuni. Mwambie kuhusu ule mngurumo, na siku ya kwanza mkibonyeze pamoja chumbani kwenu, mara nyingi, mpaka awe yeye ndiye anayetaka kubonyeza. Mfungashie vitambaa vyenye maji kwenye kijimkoba chake kama klabu inaruhusu.

Utajua yuko tayari anapokwenda chooni kwa jirani, bila wewe, na kurudi mkavu.

Jambo jingine la nepi: mtoto anayevaa nepi kwa kawaida haruhusiwi kwenye mabwawa makubwa ya kuogelea, hata akivaa nepi ya majini. Baadhi ya meli zina eneo dogo la maji kwa ajili yao, nyingine hazina. Mtoto wa Malindi aliyezoea kuingia baharini ufukwe wa Silversands kila Jumapili hataelewa kwa nini anazuiwa.

## Hatua ya 4: Saa na pesa

Omba ratiba ya klabu ya siku ya baharini na ya siku ya bandari. Ni ratiba mbili.

Soma saa kwa uangalifu. Ratiba ya meli huandika 22:00, nasi twasema saa nne usiku. Klabu nyingi hufunga mchana kwa chakula na jioni kabla ya kufungua tena, na mapumziko hayo ndiyo yanayoharibu mipango. Mzazi anadhani mtoto yuko klabu mchana kutwa, kumbe kila baada ya saa kadhaa anatakiwa kwenda kumchukua. Disney hulisha watoto klabuni. Penginepo uliza, usidhani.

Royal Caribbean, Carnival na Norwegian hutoza kwa saa kuanzia mnamo saa nne au nne na nusu usiku. Andika hesabu yako hivi: saa mbili kila usiku, kwa usiku 7, kwa watoto 2, ni saa 28 za malipo. Zidisha kwa bei ya saa moja utakayopewa, kisha badilisha ziwe shilingi. Kwenye kampuni za Marekani bili huja kwa dola, na kwenye MSC na Costa zikiwa Mediterania huja kwa yuro. Meli inayoonekana ya bei nafuu inaweza kupoteza unafuu wake papo hapo. Kwa upande mwingine, P&O ya Uingereza, inayoondokea Southampton, ina chumba cha kulaza wachanga usiku bila malipo ya ziada katika meli zake za familia, na kwa mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja hicho ni kitu kikubwa.

Kwa siku ya bandari uliza: je, naweza kushuka mjini na kumwacha mtoto klabuni? Kampuni kadhaa huruhusu kwa watoto wakubwa na kukataa kwa wachanga.

## Hatua ya 5: Lugha na chakula

MSC na Costa hubeba abiria wa mataifa mengi, na wahudumu wa klabu huongea lugha kadhaa, Kiitaliano na Kiingereza zikiwemo. Kwa mtoto wa Malindi aliyekulia kati ya bibi wa Ganda na babu wa Brescia hiyo ni nafuu kubwa. Kampuni za Marekani huendesha klabu kwa Kiingereza. Mtoto asiyejua lugha ya klabu anaweza kucheza vizuri tu, lakini lazima aweze kusema mambo manne: choo, maji, naumwa, namtaka mama. Mfundishe hayo mpaka ayaseme akiwa amekasirika, kwa sababu wakati huo ndipo atakapoyahitaji.

Kwa familia za Kiislamu, msiishie kusema "hali nguruwe". Wahudumu huelewa hiyo kuwa nyama. Peremende laini na vitafunio vingine vya klabuni vina jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Andika kwenye fomu, katika nafasi ya mzio na vyakula vilivyokatazwa, maneno yote mawili: nguruwe na jelatini. Mwambie mhudumu kwa mdomo pia, na umpe mtoto tende au biskuti zake kama inaruhusiwa.

## Hatua ya 6: Usalama, bila haya

Usiogope kuonekana msumbufu. Unamkabidhi mtoto kwa watu usiowajua, kwenye chombo kama Icon of the Seas kinachoweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Kampuni nzuri ina majibu tayari na haikasiriki.

Kuingia na kutoka. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Jibu zuri lina vitu viwili: majina uliyoyaandika mwenyewe, na kadi au neno la siri la kuthibitisha. Kama babu na bibi wamesafiri nanyi, amueni nyumbani kama wamo kwenye orodha. Kisha kuna ruhusa ya mtoto kujitoa mwenyewe, ambayo kampuni kadhaa huwapa watoto wa miaka 9 na kuendelea mzazi akisaini. Mimi nashauri msisaini. Huku kwetu mtoto wa miaka tisa hutumwa dukani na mtaa mzima unamwangalia. Melini hakuna mtaa. Kuna vijia virefu vinavyofanana, lifti, na watu waliolewa.

Wahudumu. Uliza watoto wangapi kwa mhudumu mmoja katika rika la mtoto wako, kama wanachunguzwa rekodi za polisi kabla ya kuajiriwa, na kama kuna sheria kwamba mhudumu hakai peke yake na mtoto. Nyumbani, mwambie mtoto kwa lugha yake: hakuna anayekugusa sehemu zako za siri, na hakuna siri ya kumficha mama.

Dharura. Swali hili wazazi hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote: king'ora kikilia mtoto akiwa klabuni, analetwa kwangu au ninamfuata? Kampuni nyingi huwavisha watoto bangili yenye namba ya kituo cha kukusanyikia na wahudumu huwapeleka. Ukijua hilo, unakwenda kituoni. Usipolijua, unakimbia kinyume cha watu kwenye ngazi. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 kufariki, abiria waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwenye Mediterania watu hupanda katika bandari tofauti, kwa hiyo mkipanda njiani hakikisheni nanyi mmelifanya. Na omba jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto siku hiyo hiyo, ulijaribishe mwilini mwake.

Maji. Mtoto anayeogelea vizuri Watamu bado anahitaji jicho lako bwawani. Royal Caribbean, Disney na Norwegian zina waokoaji kwenye mabwawa ya familia. Kwingine kuna kibao tu kisemacho hakuna mwokoaji. Uliza pia kama klabu huwapeleka watoto bwawani, na nani anasimama hapo.

Ugonjwa. Mtoto mwenye kutapika au kuharisha hapokelewi mpaka apone na muda fulani upite. Virusi vya tumbo huenea upesi melini na ile jeli ya mikono haiviui vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga.

## Hatua ya 7: Mwandikie wakala

Tuma ujumbe mmoja wenye maswali yaliyohesabiwa, ili asiruke hata moja. Unaweza kuuiga huu:

*"Shikamoo. Tunataka kusafiri na meli (jina) inayoondoka (bandari) tarehe (…). Mtoto wetu amezaliwa tarehe (…). Tafadhali ulizia kampuni na unitumie jibu lao la maandishi: 1. Siku ya kupanda ataingia klabu gani? 2. Je, naweza kumwacha na kuondoka? 3. Sheria ya nepi ni ipi? 4. Saa za siku ya bahari na siku ya bandari? 5. Kipi ni cha kulipia, na bei ya saa moja? 6. Nafasi huwekwa mapema au melini? 7. Wakati wa dharura mtoto anapelekwa wapi?"*

Kama wakala wako ni wa rika lako au mdogo, badilisha salamu. Maswali yasibadilike. Ukijibiwa "hakuna wasiwasi, watoto wanapokelewa", hilo si jibu. Mrudishie ujumbe kwa upole. Usilipe malipo ya awali kabla ya namba 1 hadi 3 kujibiwa.

## Hatua ya 8: Linganisha

Msijumlishe alama. Bwawa zuri halilipii klabu inayomkataa mtoto. Piga mstari kwanza kwa meli yoyote ambayo umri, choo au dharura havina jibu la kuridhisha. Zinazobaki zilinganishe kwa lile hitaji mliloliandika katika hatua ya 1, kisha bei yote pamoja na saa za kulipia. Zikilingana, chukueni ile ambayo lugha yake mtoto anaielewa zaidi.

Kama meli zote zimekatwa kwa sababu ya umri, ahirisheni safari mpaka mtoto afikishe miaka mitatu na miezi kadhaa. Babu atanung'unika, lakini atafurahia zaidi safari ambayo mama wa mtoto naye anapumzika.

Kabla ya kulipa, pitieni hati. Ratiba ya Mediterania inayogusa Tunis inatoka nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kurudi, hivyo viza lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, ya mtoto pia. Anayepandia Durban anahitaji cheti cha homa ya manjano kwa kila aliyezidi mwaka mmoja, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto, abebe idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili.

## Hatua ya 9: Siku ya kupanda

Nendeni klabuni mapema, mizigo ikisubiri. Siku ya kwanza mara nyingi huwa ya kujiandikisha, na nafasi za chumba cha wachanga huisha upesi. Jazeni fomu mkiwa na kijitabu cha kliniki mkononi. Msifiche ugonjwa wala tabia, hata kukojoa usingizini.

Mtoto auone mlango, choo, na uso wa mhudumu mmoja anayeweza kumtaja. Mara ya kwanza mwacheni nusu saa tu, na mmuage waziwazi. Kutoroka akiwa anacheza humfanya asiwaamini mara ya pili. Kila mnapomchukua msimuulize "ulifurahi?", maana atasema ndiyo. Muulize alicheza na nani, alikula nini, alikwenda chooni na nani akamfungulia mlango.

Akilia siku ya kwanza akanyamaza baada ya dakika kumi, ni kawaida, mrudisheni kesho saa ile ile. Akikataa chakula, akianza kujikojolea ilhali alikuwa ameacha, au akimwogopa mtu fulani kwa jina, msimrudishe. Zungumzeni na msimamizi wa klabu siku hiyo hiyo na mwombe malalamiko yaandikwe. Mkiona jambo ni zito, nendeni kwa maofisa wa usalama wa meli moja kwa moja kabla meli haijafika bandari inayofuata.